Tanzanaiti au tsavoraiti kwa pete ya kila siku? Tuangalie ndani ya jiwe kwanza

Kila ikikaribia Desemba watu wangu wa karibu wananitafuta, anataka kumvisha mtu pete, hela kidogo ipo, na swali ni lile lile: nichukue tanzanaiti, lile jiwe la bluu, au tsavoraiti, lile la kijani? Wengi wanakuja na jibu tayari mfukoni, tanzanaiti, kwa sababu ni ya kwetu, inatoka Mererani peke yake dunia nzima, na ile bluu yake ukishaiona mara moja kwenye mwanga mzuri haikutoki kichwani. Sibishi hata kidogo. Mi nimekulia Arusha na nikasoma jiolojia kwa sababu ya mawe haya haya, kwa hiyo sina sababu ya kuiponda. Ila kwa pete ya kuvaliwa kila siku, jikoni, kazini, kwenye daladala, mi nasema tsavoraiti. Kwa hereni au kidani nasema tanzanaiti na sisiti. Na sababu haipo kwenye rangi wala bei, ipo kwenye jinsi kila moja lilivyojengwa ndani, ambako macho hayafiki.

Nianze na dada yangu. Alivishwa tanzanaiti ya karati 2.4, nzuri sana, bluu inayoelekea zambarau. Mwaka wa pili wa ndoa alikuwa anaosha masufuria, mkono ukagonga ukingo wa sinki, tena hakugonga kwa nguvu, anasema alisikia tu "tik". Kuangalia pete, jiwe limetoka kipande upande mmoja. Aliponiletea nikaliangalia kwa lenzi na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba pale palipokatika palikuwa bapa, laini, panang'aa kama kioo kipya. Chupa ikivunjika haivunjiki hivyo, chupa inatoa mabonde ya mviringo kama ganda la kombe la baharini. Huo ubapa ndo habari yenyewe ya leo.

Viungo vilevile, mapishi tofauti

Watu wengi hawajui kwamba haya mawe mawili ni karibu ndugu. Tanzanaiti ni aina ya madini yanaitwa zoisaiti, na fomula yake ni Ca2Al3(SiO4)(Si2O7)O(OH). Tsavoraiti ni ganeti, ile ganeti ya kalsiamu inayoitwa grosulari, Ca3Al2(SiO4)3. Ukiziangalia fomula kwa utulivu utaona ni kalsiamu, alumini, silika, huku na huku. Hata kinachotia rangi kikubwa ni kilekile, vanadiamu kidogo sana iliyoingia mahali pa alumini, na kwenye tsavoraiti mara nyingine na kromiamu kidogo. Vanadiamu hiyohiyo huku inatoa bluu na zambarau, kule inatoa kijani, kwa sababu nyumba iliyoingia ni tofauti. Ni kama unga wa ngano uleule, huyu kasukuma chapati huyu kakaanga maandazi, ukiulizwa viungo vinakaribiana kabisa lakini mdomoni ni vitu viwili.

Tofauti moja ya viungo ipo na ni ya maana: zoisaiti ina ile OH, yaani ina haidrojeni. Ukipiga hesabu, kama asilimia 2 ya uzito wa tanzanaiti ni maji, ila sio maji ya kulowanisha kitu, ni maji yaliyofungwa ndani ya muundo wenyewe. Grosulari safi haina. Shika hilo tutalirudia.

Sasa jengo. Kwenye ganeti, kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne, hicho ndo kipembe cha silika, na kila kipembe kinakaa peke yake, hakishikani na kipembe kingine moja kwa moja, kinashikana na alumini iliyozungukwa na oksijeni sita, kona kwa kona, mbele, nyuma, juu, chini, pande zote sawa, halafu kalsiamu zinakaa kwenye nafasi zilizobaki zikiwa zimekumbatiwa na oksijeni nane. Umbo lake ni la mchemraba, maana yake ukilitazama kwa mhimili wowote kati ya mitatu unakuta nguvu ileile. Hakuna upande dhaifu uliojipanga mstari mmoja. Ndo maana ganeti haina mpasuko wa asili, ukiivunja inavunjika ovyo ovyo, na kuivunja kwenyewe kunahitaji kazi.

Zoisaiti imejengwa kwa minyororo. Alumini na oksijeni zake zimeshikana ubavu kwa ubavu zikatengeneza mnyororo mrefu unaoelekea upande mmoja wa kristali, na minyororo hiyo imeunganishwa na silika za aina mbili, nyingine zipo peke yake na nyingine zipo mapacha wawili wawili, ndo ile Si2O7 kwenye fomula. Kwa hiyo nguvu ya upande huu si sawa na ya upande ule. Na kuna bapa moja ambalo vifungo vinavyolivuka ni vichache na dhaifu, na hapo jiwe linapasuka kama gogo la kuni linavyofuata nyuzi zake. Wataalamu wanaita mpasuko kamili wa upande mmoja. Ukigonga pembe isiyo sahihi kwa bahati mbaya, linafunguka. Lile bapa linalong'aa kwenye pete ya dada lilikuwa ndo hilo, alilifungua kwa sinki.

Ugumu wa kukwaruzwa si sawa na ugumu wa kugongwa

Hapa ndo watu wanachanganya sana, tena hata wauzaji. Muuzaji atakwambia tanzanaiti ni 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs na tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, na wewe utaona mbona tofauti ni ndogo. Kwanza kile kipimo kinapanga tu nani anamkwaruza nani, hakikupi umbali sawa kati ya namba na namba. Almasi ni 10 na yakuti ni 9 lakini kati ya hapo kuna pengo kubwa kuliko kati ya 9 na namba nyingi za chini yake. Pili, namba 7 ina maana ya pekee kwenye maisha ya kawaida kwa sababu kwatzi ni 7, na kwatzi ipo kila mahali, mchanga, vumbi la barabarani, lile vumbi linalokaa juu ya meza ukiacha dirisha wazi mchana mmoja wa kiangazi. Kila ukifuta jiwe la chini ya 7 kwa kitambaa kikavu chenye vumbi unalisugua na kitu kigumu kuliko lenyewe. Miaka mitano sita hivi kona za tanzanaiti iliyovaliwa kila siku zinaanza kulegea, ule mng'ao mkali wa kingo unakuwa kama umelainishwa. Tsavoraiti ipo juu ya ule mstari, kidogo tu, lakini juu.

Na hilo ni la kukwaruza. La kugongwa ni habari ya mpasuko niliyoeleza hapo juu na hakuna namba ya Mohs inayokwambia. Jiwe linaweza kuwa gumu kukwaruzwa na bado likapasuka kirahisi, mfano mkubwa ni almasi yenyewe, 10 kamili na bado ina mpasuko, na mafundi wa zamani waliitumia hiyo hiyo kuigawa. Kwa hiyo ukiuliza dukani usiulize "lina ugumu gani" peke yake, uliza pia "lina mpasuko?" Anayejua kazi yake atakujibu palepale.

Moto

Dada alipopata ule ufa wa kwanza jiwe lilikuwa bado linavalika, upande mmoja tu umetoka. Akapeleka pete kwa sonara mmoja arekebishe ile kucha ya dhahabu inayoshika jiwe maana ilikuwa imepinda. Yule fundi akapiga moto wa gesi jiwe likiwa bado ndani ya pete. Ufa ukakimbia hadi katikati. Namlaumu fundi, lakini najilaumu zaidi mwenyewe maana nilijua na sikumwambia dada kabla hajaenda: tanzanaiti haipigwi moto wa fundi, inatolewa kwanza.

Kwanini? Kila kitu kikipata joto kinatanuka. Ganeti kwa sababu ni mchemraba inatanuka sawa pande zote. Zoisaiti ina mihimili mitatu isiyolingana na kila mmoja unatanuka kwa kiasi chake, kwa hiyo ukiipasha ghafla ndani kunakuwa na mvutano, upande huu unataka kwenda huku na ule umebaki, na kama kuna bapa dhaifu limelala hapo basi mvutano unapata pa kutokea. Ongeza kwamba moto wa gesi unapasha sehemu moja, chuma cha pete kinafika nyuzi 700 na zaidi wakati upande wa pili wa jiwe bado ni vuguvugu. Wale waliokulia kijijini wanajua, ukiokota jiwe la mtoni lenye unyevu ukalifanya figa linaweza kulipuka jikoni, bibi alikuwa anatukataza kabisa. Sababu zinatofautiana, kule ni maji yaliyojificha kwenye vinyweleo kugeuka mvuke, lakini funzo la bibi lilikuwa sahihi kwamba jiwe na moto wa ghafla haviendani.

Sasa mtu ataniuliza, na ni swali zuri, mbona tanzanaiti zenyewe zinachomwa? Ni kweli, karibu zote unazoziona madukani zimechomwa, zikitoka ardhini nyingi ni za kahawia au za kijanikijani na zinawekwa kwenye tanuru kwenye nyuzi kama 500 hadi 600 za sentigredi ndo zinageuka bluu. Tofauti ni mwendo. Tanuru linapanda polepole na linashuka polepole, jiwe zima linapata joto kwa pamoja, ule mvutano haupati nafasi ya kukua. Joto lenyewe sio adui, adui ni tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu. Na joto hilo la kuchomea halitoshi kuitoa ile OH ndani ya muundo, jiwe linabaki zoisaiti ileile, kinachobadilika ni rangi tu. Rangi ikishabadilika haigeuki tena, kwa hiyo uchomaji huu sio udanganyifu, ni sehemu ya biashara inayojulikana duniani kote. Muuzaji mwaminifu anakwambia bila kuulizwa.

Tsavoraiti haichomwi kabisa. Inavyotoka ndivyo inavyokatwa, na kwa mtu anayejali kitu kuwa kama kilivyotoka ardhini hii ni pointi kubwa. Isidhaniwe tu kwamba inaweza kutupwa motoni, nayo ikiwa na nyufa za ndani inapasuka kwa joto la ghafla. Lakini ukiziweka mbili kwenye mkono wa fundi asiye makini, ya kijani ina nafasi kubwa zaidi ya kurudi nzima.

Jinsi moja inavyotoka kwa nyingine

Hiki kipande sio lazima kwa mtu wa pete lakini siwezi kukiruka, ndo kilinifanya niyapende haya madini. Kuna mmenyuko mmoja unaoziunganisha hizi mbili: zoisaiti nne na kwatzi moja, zikipata joto la kutosha chini ya ardhi, zinageuka kuwa anothaiti tano, ambayo ni feldispa ya kalsiamu, pamoja na grosulari moja na molekuli mbili za maji. Hesabu atomi uone, zinalingana kabisa. Yaani kutoka kwenye familia ya tanzanaiti unapata familia ya tsavoraiti, na njia inaweza kurudi nyuma pia.

Nani anaamua uelekeo? Joto na shinikizo. Maji yakiwa yamefungwa ndani ya zoisaiti yametulia, yakiachiwa yanakuwa huru na yanazunguka yatakavyo, huko kuongezeka kwa uhuru ndo wanakoita entropi, na joto likipanda asili inapendelea upande wenye entropi kubwa, kwa hiyo moto unasukuma kuelekea ganeti na maji. Shinikizo linafanya kinyume, linapendelea kitu kinachobana nafasi, na hapo anothaiti inaangusha timu yake kwa sababu ni nyepesi na inachukua nafasi kubwa. Ukijumlisha ujazo wa yabisi peke yake bila maji, upande wa anothaiti na grosulari unazidi ule wa zoisaiti na kwatzi kwa kama asilimia 11. Basi mwamba ukikandamizwa sana zoisaiti inakaa salama hata kwenye joto ambalo juu juu ingekuwa imeshavunjika. Na kama kuna majimaji mengi yanapita kwenye mwamba unaopoa, zoisaiti inapata nafasi ya kukua.

Ndo picha ya Mererani ilivyo kwa ujumla. Miamba ya pale ni ya ule Mkanda wa Msumbiji, mabara yalipogongana miaka milioni mia sita na ushee iliyopita, na mwamba mama una madini ya kinywe (grafaiti) mengi, ndo maana wanaapolo, wale wachimbaji, wakitoka shimoni wanakuwa weusi tii. Tsavoraiti na tanzanaiti zote zinapatikana humo, na tanzanaiti ilikuja baadaye, joto likiwa linashuka na majimaji ya moto yakipita kwenye nyufa. Kutoka Mererani ukielekea mashariki, mkanda huohuo unavuka mpaka hadi upande wa Taita-Taveta Kenya na huko ndo tsavoraiti ya Kenya ilipo, mara nyingine ndani ya donge kama kiazi, ganda lake limeshaharibika likawa madini mengine na ndani limebaki la kijani.

Na usiogope kwamba pete yako ya tanzanaiti itakuja kugeuka feldispa kabatini. Kwenye joto la chumba atomi hazina nguvu ya kuhama, mmenyuko umelala kabisa.

Rangi, na hapa tanzanaiti inashinda

Nisiwe na upendeleo. Kwa rangi tanzanaiti ni kitu kingine kabisa. Kwa sababu mihimili yake mitatu hailingani, mwanga unaopita kila upande unanyonywa tofauti, kwa hiyo kristali moja ambayo haijachomwa ina rangi tatu ukiigeuzageuza: bluu, zambarau, na kahawia inayoelekea shaba. Kuchoma kunaondoa ule unyonyaji unaoleta ukahawia na kubaki hasa bluu na zambarau. Ukiwa nje mchana inaonekana bluu zaidi, ukiingia ndani kwenye taa ya manjano ile ya zamani inaelekea zambarau. Watu wanalipenda hili na mi pia.

Ila lijue la kibiashara lililo nyuma yake. Mkataji anapoishika rafu, yaani jiwe ambalo halijakatwa, anachagua upande gani uwe uso wa jiwe. Mara nyingi akitaka bluu safi itazame juu anapoteza uzito, akikubali zambarau anabakiza karati zaidi. Bluu nzito unailipia mara mbili, kwa uzuri wake na kwa kilichobaki chini ya mashine. Kwa hiyo ukiona mawe mawili ya karati sawa, moja zambarau ya bei nafuu na moja bluu ya bei juu, usidhani umeibiwa.

Tsavoraiti haina mchezo huo. Mchemraba maana yake mwanga unapita sawa kila upande, kijani ni kijani ukigeuza kushoto ukigeuza kulia, asubuhi na usiku. Inachopata badala yake ni kumeta. Kiwango chake cha kupinda mwanga ni kama 1.74 na cha tanzanaiti ni kama 1.69 hadi 1.70, kwa hiyo tsavoraiti iliyokatwa vizuri inarudisha mwanga kwa nguvu zaidi, inakuwa kama imewashwa. Wengi wanaitafuta kama mbadala wa zumaridi, na kwa kweli inaizidi zumaridi kwa kumeta kwa sababu zumaridi iko chini, kwenye 1.58 hivi, na haihitaji kujazwa mafuta kuficha nyufa kama zumaridi nyingi zinavyofanyiwa. Kitu cha kuangalia, nyingine ni nyepesi mno karibu na rangi ya majani ya mnanaa machanga, na nyingine ni nzito mpaka jiwe linaonekana jeusi kwenye kivuli. Ya katikati ndo yenyewe.

Kwa usafi wa ndani tanzanaiti tena iko mbele, nyingi ukiziangalia kwa macho huoni kitu ndani. Tsavoraiti kuwa na vijinyuzi na vidoadoa ni kawaida, ukidai isiwe na hata kimoja utatafuta sana na utalipa.

Karati moja si saizi moja

Hili linawakamata wanaonunua kwa picha za simu. Karati ni uzito, gramu 0.2, sio ukubwa. Tsavoraiti ina msongamano wa kama 3.6 na tanzanaiti kama 3.35, yaani karati moja ya kijani ni ndogo kwa ujazo kwa asilimia 7 hivi kuliko karati moja ya bluu. Uliza milimita, sio karati peke yake.

Na kwenye ukubwa hakuna mashindano. Tanzanaiti inakua kubwa. Wote tunakumbuka Juni 2020, Saniniu Laizer alivyoiuzia serikali mawe mawili, moja zaidi ya kilo 9 na jingine zaidi ya kilo 5, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Tsavoraiti nyingi zilizokatwa hazifiki hata karati 2, ikipita hapo bei ya kila karati inaruka. Kubwa zipo, ile inayoitwa Simba wa Mererani ni karati 116.76 na ipo makumbusho ya Smithsonian Marekani, lakini hizo sio za mimi na wewe. Kwa pete ya bajeti ya kawaida, hela inayokupa tanzanaiti ya karati 2 ya hadhi nzuri itakupa tsavoraiti nzuri ya chini ya hapo. Kama unataka jiwe linaloonekana toka upande wa pili wa ukumbi, tanzanaiti.

Kuhusu asili na majina nipite haraka. Zote mbili zinahesabiwa kuanzia 1967. Tanzanaiti inahusishwa na Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua na kumzawadia mwaka 2018 kabla hajafariki mwanzoni mwa 2019, na jina lilipewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Tsavoraiti iligunduliwa na Campbell Bridges upande wa Simanjiro, baadaye akaipata tena Kenya karibu na Tsavo na jina likatokana na hifadhi hiyo, Tiffany wakaitangaza 1974. Anasimuliwa kwamba aliishi juu ya mti na kuweka chatu alinde mawe yake. Aliuawa 2009 karibu na Voi kwenye mgogoro wa mgodi, jambo la kusikitisha sana. Tofauti ya maana kwa mnunuzi ni kwamba tanzanaiti inatoka eneo la kilomita chache tu pale Mererani, wakati tsavoraiti ipo Tanzania, Kenya na Madagaska.

Usiuziwe kioo

Uzuri ni kwamba muundo uleule niliousema unakusaidia kukagua. Tanzanaiti lazima ionyeshe rangi mbili, igeuze polepole chini ya mwanga mweupe uangalie pande tofauti, bluu huku zambarau kule. Kioo cha bluu hakiwezi, kioo hakina mihimili. Kuna kifaa kidogo kinachogawa rangi, sio cha bei, mabroka wengi wa Arusha wanacho mfukoni, mwombe akuonyeshe. Tsavoraiti ni kinyume, isionyeshe rangi mbili. Ukiambiwa hii ni tsavoraiti na unaona kijani mbili tofauti, huenda ni tumalini ya kijani, ambayo ni jiwe halali lakini si ulichokuja kulipia. Shida ni kwamba kioo cha kijani nacho hakionyeshi rangi mbili, hapo macho hayatoshi, inabidi kupimwa kiwango cha kupinda mwanga au uzito wake kwenye maji. Kwa pesa ya maana dai cheti cha maabara na risiti ya mwenye leseni, usinunue kwa mtu wa kona hata awe rafiki wa rafiki.

Mi ningechaguaje

Kama anayevaa ni nesi, mwalimu, mama ntilie, fundi, mtu wa bodaboda, mtu yeyote ambaye mikono yake inafanya kazi na pete haivuliwi: tsavoraiti, hata iwe nusu karati, na hela iliyobaki weka kwenye pete imara. Kama ni mtu wa kuvaa kwa matukio na anajua kuvua pete kabla ya kushika maji: tanzanaiti ni sawa kabisa, ila usikubali ile pete ambayo jiwe limesimama juu peke yake limeshikwa na kucha nne, chukua yenye ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote, ukingo ndo unapokea pigo badala ya jiwe. Hereni na kidani, tanzanaiti, nunua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, sikioni hakuna sinki.

Na kama hujafunga moyo kwenye hizi mbili, angalia spineli ya Mahenge, ile ya pinki inayowaka. Ni 8 kwenye Mohs, nayo ni mchemraba, haina shida ya mpasuko. Bei yake imepanda sana lakini kwa pete ya kila siku inazipita zote mbili kwa uimara, nasema ukweli wangu.

Kusafisha, maji ya vuguvugu, sabuni laini, mswaki laini, basi. Tanzanaiti isiwekwe kwenye ile mashine ya masonara inayotetemesha maji, wala mvuke, wala isitoke kwenye jua kali la gari moja kwa moja ikaingizwa kwenye maji baridi. Mwambie fundi kabla hajagusa, hata kama anaonekana anajua. Mwambie tena.

Pete ya dada tulimpelekea mkataji mwingine. Alitafuta lile bapa la mpasuko, akalitumia lenyewe kugawa jiwe pale ufa ulipokuwa umefika, kipande kikubwa akakikata upya kikatoka karati 1.1, bluu zaidi kuliko mwanzo kwa sababu alipata nafasi ya kugeuza uso. Kipo kwenye kidani chake, anakivaa Jumapili. Kidoleni saivi ana tsavoraiti ya karati 0.8, na masufuria anaosha nayo.